Mishubiri Arobaini na Saba

28 Mei

Kosa la watu wengi ni kudhani kwamba mshubiri wa gengeni hufa kwa kiu. Wakiona majani yamejikunja na kuwa mekundu husema, maskini, mvua imechelewa. Mmea huu hauogopi kiu. Hunywa ukungu, na majani yake huweka akiba ya maji ya miezi mingi. Nimewaeleza hivyo watoto wa shule kwa miaka thelathini na minne, na naeleza tena hapa ili atakayehesabu baada yangu asipotee. Haupungui kwa sababu ya jua. Unamalizwa na mbuzi.

Leo nimehesabu kwa darubini kutoka mwamba wa ng'ambo, kama ninavyofanya kila mwaka kabla kusi halijaanza. Arobaini na saba. Mwaka jana ilikuwa hamsini na minane. Mwaka wa kwanza nilipoanza kuhesabu, miaka ishirini na mitatu iliyopita, ilikuwa mia mbili na kumi na miwili. Haimei mahali pengine popote kisiwani ila kwenye genge hili la Shirhin, nyufani, kichwa kikitazama chini. Mshubiri wa kawaida, ule wa tambarare ambao wanawake huukamua shubiri, haupungukiwi na kitu. Huu wa gengeni ndio wenye shida.

Alasiri alikuja Ghanim wa ofisi ya mazingira kuchukua fomu. Nilimfundisha kusoma, na bado huketi mbele yangu magoti pamoja.

"Mwalimu, safari hii bara wanapandisha daraja la hatari la mshubiri. Itaandikwa kwamba umo hatarini kabisa. Lakini lazima tujaze hapa, chanzo cha kupungua."

"Andika mbuzi."

Akashika kalamu bila kuandika. "Mwalimu, nikiandika hivyo, kusi likiisha watafunga malisho ya juu ya genge. Ni ya mama Ambareka yale."

"Nimekuuliza ya nani?"

Akaandika. Nikatia sahihi.

30 Mei

Kusi limeanza. Usiku mzima mlango ulikuwa ukigonga.

3 Juni

Ambareka amekuja kabla sijamaliza chai. Ni dada wa marehemu mke wangu, ana miaka sitini na miwili, na nyumba yake naiona nikisimama mlangoni pangu. Hakunisalimu kwa kugusana pua, kama ilivyo desturi yetu, wala hakuketi.

"Shemeji, nasikia umewaandika mbuzi wangu."

"Nimeandika chanzo. Sikuandika jina la mtu."

"Malisho ya juu ya genge yana mbuzi wa nani mwingine? Wa majini?"

Nikamweleza kwa utaratibu kwamba mbuzi hupenda majani mabichi wakati nyasi zimekauka, kwamba huweza kusimama mahali ambapo binadamu hawezi, na kwamba wataalamu wamelithibitisha hili katika visiwa vingi. Alinisikiliza mpaka mwisho, akitikisa kichwa kama anayemsikiliza mtoto akisoma.

"Umewahi kumwona mbuzi gengeni?"

"Kumwona, sijamwona. Lakini..."

"Lakini ana mabawa. Miaka yote hiyo unachungulia kwenye hicho kibomba chako! Ungemwona mmoja tu, siku moja tu, ungeuleta mkia wake msikitini tuuone wote."

"Ambareka, hii ni elimu, haina ugomvi."

"Basi tuisome hiyo elimu. Kuanzia kesho nawafungia zizini. Wote. Siku kumi na tano hakuna atakayetia kwato nje. We hesabu. Mishubiri ikibaki vilevile, nitahama mwenyewe, wala huna haja ya karatasi. Ikipungua, utafute mwingine wa kumsingizia."

"Na watakula nini siku zote hizo?"

"Watakula ulimi wako, ni mrefu, utawatosha."

Akaondoka. Nakiri kwamba nilifurahi. Jaribio lenyewe ni zuri, hata mimi nisingeweza kulipanga vizuri zaidi.

5 Juni

Upepo. Vumbi hata ndani ya mtindi.

6 Juni

Nimemwona Ambareka akipanda kutoka bondeni na mzigo wa majani kichwani, upepo ukimsukuma kando kama mlevi. Safari tatu leo.

8 Juni

Ukungu. Genge halikuonekana.

11 Juni

Arobaini na minne.

Nimehesabu mara tatu. Nimejieleza kwamba labda tarehe ishirini na nane nilihesabu vivuli. Macho ya mtu wa miaka sabini na moja si ya kuapia.

15 Juni

Nimepita karibu na zizi. Wanambuzi wawili wamekufa. Ambareka alikuwa akiwachuna, na mama zao wamesimama karibu yake wakinusa. Maziwa yamekauka, mbuzi aliyezoea kutembea hatoi maziwa akifungwa. Nilisema, "Mungu akufidie." Akasema, "Amina," bila kuinua uso. Hakuongeza tusi hata moja, na hilo ndilo lililonisumbua njia nzima.

19 Juni

Siku kumi na tano zimetimia. Arobaini na mmoja.

Nilipaswa kwenda kwake leo. Sikwenda. Nimeandika hapa sababu tatu za kutokwenda, kisha nikazifuta zote tatu.

20 Juni

Amefungua zizi. Akasimama uani kwake, akaweka mikono mdomoni na kuita, "Shemeji! Ngapi?"

Nikajifanya upepo umenizuia kusikia. Nikaingia ndani.

23 Juni

Leo nimeuona ukifa.

Nilikuwa mwamba wa ng'ambo tangu asubuhi, nimejifunika shuka la sufi, darubini nimeiegemeza juu ya mawe ili isitikisike. Nilikuwa namtafuta mwizi. Nilikwisha jiambia kwamba ikiwa si mbuzi wa Ambareka basi ni mbuzi wa mtu mwingine, au kima wa bara aliyeletwa na meli, au binadamu. Yaani nilikuwa tayari kuamini kisiwa chetu kina kima kabla ya kuamini kwamba nimekosea.

Karibu na adhuhuri ukungu ulipasuka. Nikaielekeza darubini kwenye ule mshubiri mkubwa wa upande wa kushoto, ambao naufahamu kwa shina lake lililopinda. Mmea huu haudondoshi majani yake makavu. Hubaki nayo yakining'inia kuzunguka shina, mwaka juu ya mwaka, mpaka yanakuwa kama joho. Nimeliona joho hilo mara elfu. Nimewahi hata kuwaambia wanafunzi kwamba hulikinga shina na jua.

Upepo ulipovuma kutoka chini bondeni, joho lile lilifunuka lote kwa pamoja, kama mwavuli unaogeuzwa nje ndani. Mmea mzima ukainuka, ukasimama hewani kwa mzizi wake tu. Upepo ulipolegea ukarudi na kujigonga kwenye jabali. Ukainuka tena. Nilihesabu, sina ninalojua zaidi ya kuhesabu. Mara ya kumi na saba mzizi ulichomoka, na mshubiri ukaondoka gengeni polepole, ukizunguka, ukaenda na ukungu.

Hakukuwa na mbuzi. Hakukuwa na mtu. Nimekaa pale mpaka alasiri, na wa pili ukaenda hivyohivyo.

Thelathini na tisa.

24 Juni

Nimeshuka chini ya genge. Kazi ya nusu saa imenichukua asubuhi nzima, kwa magoti haya.

Kumbe makaburi yao yako pale. Miaka yote sikuwahi kwenda kutazama chini, kwa kuwa nilijua jibu. Mishubiri iliyooza, iliyokauka, mingine bado mibichi, yote na majoho yake mazito. Nimeinua mmoja kwa mikono miwili. Joho peke yake lilikuwa na uzito kuliko mmea wenyewe.

Lakini nina jambo la pili la kueleza. Chini ya yote, umevunjika vibaya, ulikuwapo mshubiri mzee sana. Mzizi wake ulikuwa bado umeshika donge la udongo mgumu wa kijivu, la ukubwa wa ngumi. Nikalivunja kidogo. Ndani mna singa za mbuzi na samadi, na kijiwe kimebanwa katikati kama kabari. Juu ya donge, pamebonyezwa dole gumba la mtu. Limekauka na mistari yake yote.

Hilo ni dole gumba la Jamaan, lenye lile kovu lake la kisu katikati.

Atakayesoma baadaye hatamjua, kwa hiyo naeleza. Zamani hapa kwetu mtoto hakulikizwa, yaani hakuachishwa ziwa, mpaka mjomba wake, kaka wa mama, ateremke gengeni kwa kamba na kukata majani ya mshubiri huu. Mama alijipaka utomvu wake, mtoto akionja uchungu akalisahau ziwa. Mshubiri wa tambarare haukukubalika, walisema uchungu wake ni mchafu. Mimi niliporudi kutoka masomoni Aden niliuona huo kuwa ni ujinga wa aina mbili: kuhatarisha mtu, na kukata mmea adimu. Nikawashika wazee wa ukoo mmoja mmoja mpaka wakakubali kwamba atakayekata atatozwa mbuzi. Pilipili, nikawaambia kina mama, hufanya kazi ileile.

Miaka ishirini na nne iliyopita mke wangu alipotaka kumlikiza binti yetu, Jamaan, kaka yake na Ambareka, alikuja na kamba begani kama ilivyompasa. Nikamzuia pale juu ya genge, mbele ya watu. Nikamweleza. Nilieleza vizuri sana, nakumbuka hata mifano niliyotoa. Jamaan aliiweka kamba chini taratibu, akaenda zake. Mwezi uliofuata alivuka kwenda Ghuba kutafuta kazi. Alikufa huko mwaka wa sita.

Na mimi nikaanza kuhesabu.

26 Juni

Nimelipeleka donge kwa Ambareka, nimelifunga ndani ya kilemba. Alikuwa anasukasuka mtindi kwenye kiriba. Nikaliweka mbele yake. Akalitazama, akaweka dole gumba lake juu ya lile dole, akaliacha hapo.

"Umelitoa wapi?"

"Chini ya genge. Ambareka, kaka yako alikuwa anafanya nini kule chini?"

"Unaniuliza leo?"

"Nakuuliza leo."

Akacheka, lakini si cheko la kufurahi. "Alikuwa anakata majani matatu mabichi ya mtoto. Hayo ndiyo uliyoyaona. Halafu anakata makavu yote, anautia kijiwe ufani, anakandika udongo. Tena hakufanya kwa ule mmoja tu. Kila aliyeshuka alipaswa kuhudumia saba. Majani matatu, mishubiri saba. Ndiyo deni la mtoto kwa genge. Mimi ndiye niliyekuwa nashika kamba, na udongo nilikuwa naukanda mimi. Ulidhani mtu anahatarisha shingo yake kwa majani tu?"

"Kwa nini hukuniambia?"

"Nikuambie nini, mtu aliyesoma Aden? Nilidhani unajua. Wote tulidhani unajua. Tukasema, huyu amesoma, ameona kwamba udongo wetu hauna faida."

"Ungesema hata neno moja, Ambareka."

"Hukuuliza, shemeji. Ulikuwa unaeleza."

Nikamwambia idadi ya siku ile ya kumi na tano. Nikamwambia pia kwamba nilisikia alipoita.

"Najua ulisikia," akasema. "Uliinua kichwa kama beberu."

28 Juni

Simu hazishiki tangu upepo uangushe mnara wake. Nimeandika barua kwa Ghanim kurasa nne, kisha nikaichana na kuandika nusu ukurasa: chanzo nilichokitaja si kweli, fomu irudishwe. Dahmani, mwana wa Ambareka, ameiteremsha mjini Hadibo kwa gari lake la mizigo.

1 Julai

Dahmani amerudi. Ghanim ameipokea, lakini fomu ilikwisha kwenda bara na ndege ya mwisho. Kikao kinakaa huko. Sisi huku tumefungwa na upepo.

2 Julai

Thelathini na saba.

4 Julai

Nimewaambia wazee wa ukoo msikitini kwamba sheria ya mwaka ule ilikuwa kosa, na kosa ni langu. Mmoja alikohoa. Mwingine akauliza kama upepo wa leo ni mkali kuliko wa jana.

5 Julai

Dahmani amesema atashuka. Ana miaka thelathini na mitatu, hajawahi kushuka genge lolote.

"Ninayo kamba ya nailoni garini," akasema. "Inavuta gari lenye saruji."

"Saruji haina mama," akajibu Ambareka. "Jabali hili ni kisu, nailoni ikisuguliwa ukingoni hukatika kama tambi. Twataka ngozi."

Amechinja mabeberu wanne. Wale walewale niliowaandika.

6–14 Julai

Kazi ya ngozi. Kuloweka, kuparua, kukata mikanda, kupaka samli, kusuka. Ni yeye peke yake anayejua msuko. Mimi nashika ncha. Hatuzungumzi sana. Siku ya tatu alinipiga kofi la mkono kwa kulegeza ncha, akasema, "Vuta, mwalimu, hapa hapana ubao wa kufuta."

Katikati ya siku hizo nilihesabu mara moja. Thelathini na mitatu.

15 Julai

Tunangoja upepo upumzike. Kila kusi lina siku moja au mbili za kupumzika katikati, wazee waliziita siku za kulikizia. Jina hilo nililisikia tangu utotoni na sikuwahi kujiuliza maana yake.

18 Julai

Ilikuwa leo.

Alfajiri majani ya mtende yalikuwa yamelala. Ambareka akaukanda udongo uani kwake, mgongo akinipa. Niliposogea alijiziba na mtandio nisione vipimo. Watu sita wa ukoo walikuja kushika kamba, akiwamo yule mzee aliyekohoa. Mimi nikatumwa ng'ambo na darubini, kwa sababu aliye juu haoni chini na aliye chini haoni kando. Tulikubaliana: kilemba mkono wa kulia, aende kulia, mkono wa kushoto, kushoto, nikikiinua kwa mikono miwili, apandishwe.

Nilimwona Dahmani akitokeza ukingoni, miguu ikitafuta mahali. Nikamwongoza kwenye ule wa kwanza. Alikata joho, likaanguka vipandevipande, na ghafla mshubiri ule ukawa mdogo, umejibana ukutani kama mtoto aliyenyolewa. Akatia kijiwe. Akachota udongo kwenye mfuko wa kiunoni, akakandika, akabonyeza kwa dole gumba. Sikujua kwamba nilikuwa nalia mpaka kioo cha darubini kilipoingia ukungu siku ambayo haikuwa na ukungu.

Wa pili. Wa tatu. Alikuwa anajifunza, mkono ulizidi kuwa mwepesi. Wa nne uliponyoka ukaanguka, akabaki ameshika jani moja. Akanigeukia ng'ambo ile yote, akatandaza mikono, kama anayesema, sasa? Nikampungia kulia. Wa tano, wa sita, wa saba, wa nane. Ilikuwa saba aliyoihudumia, bila ule ulioanguka.

Nilipaswa kuinua kilemba kwa mikono miwili hapo. Deni lilikuwa limelipwa. Lakini kulia kwake, hatua mbili tu, ulikuwapo mwingine mkubwa unaoning'inia, na mimi ni mtu wa idadi. Nikapunga kulia.

Upepo ukarudi. Ulitoka chini kama mlango uliopigwa teke. Ulimwinua Dahmani kama nilivyoona ukiinua mishubiri, ukamzungusha, ukamrudisha kwenye jabali kwa bega. Niliona mdomo wake ukifunguka, sikusikia kitu. Mara ya pili alijikinga kwa miguu. Juu niliona wale sita wakivuta wamelala chali, na Ambareka amefunga ncha ya kamba kiunoni mwake, visigino ndani ya ufa, haangalii chini wala juu, anaimba ule wimbo wa kuita mbuzi ili wavute kwa pamoja.

Kamba haikukatika.

Bega limevunjika mahali pawili. Ameteremshwa Hadibo nyuma ya gari lake mwenyewe, binamu yake akiendesha.

20 Julai

Ambareka amenikuta mlangoni. "Niliambiwa alikwisha maliza saba," akasema.

"Ndiyo."

"Nani alimwambia aende wa nane?"

"Mimi."

Akaenda kuwafungulia mbuzi.

27 Julai

Upepo.

28 Julai

Upepo. Dahmani ataishi na mkono wake, lakini usukani si kazi yake tena, wasema.

4 Agosti

Watu wote wako bondeni kwenye tende. Mimi nimebaki.

9 Agosti

Ishirini na minne. Ile saba imesimama yote. Nawaandikia ninyi mtakaohesabu baadaye: siwezi kuthibitisha kwamba ni udongo na si bahati. Saba ni idadi ndogo. Katika elimu tungesema tungoje misimu kumi. Sina misimu kumi, na genge pia halina.

17 Agosti

Nimempelekea Ambareka tende. Alizipokea mlangoni, akanirudishia bakuli palepale, limeoshwa.

25 Agosti

Ishirini na mmoja. Ile saba ipo.

6 Septemba

Kusi limekufa. Kimya chake kinaumiza masikio.

Ghanim amekuja mara tu ndege ya kwanza ilipotua. Safari hii hakuketi magoti pamoja, alisimama, ana bahasha. Tukaenda wote wawili mpaka kwa Ambareka, kwa sababu sikutaka asomewe nami sipo.

Daraja limepandishwa. Mmea umo hatarini kabisa kutoweka. Chanzo: malisho ya mbuzi. Kwa hiyo malisho yote ya juu ya Shirhin yanafungwa, mifugo iondolewe ndani ya siku saba.

"Barua yangu?" nikauliza.

"Niliwasomea kwa redio ya ofisi, Mwalimu, wallahi. Wamesema itasomwa kikao kijacho. Mwakani."

"Mwakani kutakuwa na nini cha kusomea? Waambie nimesema si kweli! Sahihi ni yangu, naiondoa."

"Wamesema..." Akatazama viatu vyake. "Wamesema Mwalimu ameandika jambo moja miaka ishirini na tatu, na jambo jingine mara moja. Wamechukua lile la miaka ishirini na tatu."

Ambareka alikuwa anapepeta mchele. Hakuacha. "Mwanangu Ghanim," akasema, "hiyo karatasi inasema nani atakanda udongo?"

"Udongo gani, mama?"

"Basi," akasema. "Kunywa chai."

9 Septemba

Nimekwenda kumwomba anifundishe. Nimechukua daftari jipya.

Alikuwa anafunga vyungu kwa mablanketi. Nikasema, "Ambareka, nipe vipimo. Samadi kiasi gani, singa kiasi gani, maji ya nini. Nitaandika kama utakavyosema, sitaongeza neno."

"Utaongeza."

"Sitaongeza."

"Shemeji, nilikuonyesha mbuzi wangu wakiwa wamefungwa siku kumi na tano, ukaingia ndani. Nilikupa mwanangu, ukamwongezea wa nane. Siku zote una jibu mkononi kabla hujaja. Mimi udongo huu sikunyimi kwa chuki. Niletee mtu asiyejua kitu. Huyo nitamfundisha."

Nikafunga daftari. Nilitaka kumweleza kwamba nimebadilika, nikaona kwamba huko nako ni kueleza.

12 Septemba

Ameondoka. Mbuzi thelathini na wanane, Dahmani mbele na mkono kifuani, yeye nyuma. Wanateremka uwanda wa Nogid kwa jamaa za marehemu mume wake, mwendo wa siku mbili. Mabeberu hawakutaka kushuka, walirudi mara mbili mpaka juu ya genge, akawafuata mwenyewe, akiwaita kwa ule wimbo. Tuligusana pua. Ngozi yake ilikuwa na harufu ya samli.

"Kamba nimekuachia," akasema. "Ipake mafuta, isikauke."

Sikusema neno. Ni mara yangu ya kwanza.

14 Septemba

Kumi na tisa. Saba imebana ukutani. Kumi na miwili ina majoho yake. Kusi jingine likija hiyo kumi na miwili itaondoka yote, na ile saba nayo itavaa majoho mapya, kwa kuwa majani hayaachi kukauka. Malisho ya juu ni matupu. Kuna kibao, kimeandikwa vizuri.

Nimejaza fomu ya mwakani mapema. Kwenye chanzo cha kupungua nimeandika jina langu kamili, na la baba yangu, na la babu yangu, wasije wakamfikiria Thani mwingine asiye mimi.

Ghanim, daftari hili nakupelekea wewe pamoja na darubini na kamba. Una miaka ishirini na tisa na hujui lolote kuhusu udongo ule, nami sikukufundisha, nashukuru. Hesabu ya gengeni inaweza kungoja. Dahmani hawezi kukanda, binti yangu alikwisha hamia Mukalla, bara, wanawake wengine walioshika kamba wamelala makaburini. Amebaki mmoja, yuko Nogid, ana miaka sitini na miwili, na mwaka huu amepoteza malisho na bega la mwanawe.

Panda gari leo, shuka Nogid, kaa chini mbele ya Ambareka, umwulize udongo unakandwaje.